Mama Mkwe Atakaa Wapi

Neema, uliniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, ili wasichana uliowaajiri mwaka huu waelewe kwa nini unawafokea kuhusu pini. Nimekaa uani hapa Kahama, miguu juu ya kigoda, kwa sababu daktari ameikataza kusimama kutwa nzima, nayo imetii kuliko mimi mwenyewe. Nitaandika. Ila msitegemee niwaambie nilipandaje cheo au nililipwaje, maana hayo hayamsaidii mtu kufunga pazia likafungika.

Nilianzia kwa Bi. Sikudhani. Bibi zake walitoka pwani wakifuata biashara hadi Tabora, na yeye akaja kuishia Kahama na duka la vitambaa. Baadaye akaona watu wanaazima vitambaa vya kupambia harusi kuliko wanavyonunua, akaanza kuvikodisha, kisha akaanza kwenda kuvifunga mwenyewe. Mimi nilikuwa binti wa kijijini upande wa Shinyanga, nimeolewa juzi tu, Kiswahili changu kimejaa Kisukuma mpaka wateja wanacheka. Siku ya kwanza nilimkuta amezungukwa na satini nyeupe hadi kiunoni.

"Shikamoo Bi. Sikudhani."

"Marahaba. Unajua kupiga pasi?"

"Najua."

"Satini?"

Nikasema najua, ingawa satini nilikuwa nimeiona kwa mbali tu, kanisani, mwilini mwa mtu mwingine. Alinitazama nilivyoishika ile pasi ya mkaa, akaninyang'anya, akanipa kopo la pini. Nilikaa na kopo hilo muda mrefu kabla ya kuirudia pasi.

Wasichana, pini zinashikwa kwa midomo ili mikono ibaki huru. Faida yake ya pili ni kwamba mwenye pini mdomoni hawezi kuongea, kwa hiyo anasikia. Satini inapigwa pasi kwa upande usiong'aa. Beba pasi ya mkaa hata kama mwenye ukumbi ameapa umeme haukatiki, na hasa akiapa. Jukwaa lipime, halafu lipime tena kamati ikishaondoka, maana hakuna kamati ya harusi iliyowahi kupita ukumbini bila kusogeza kitu. Bi. Sikudhani alikuwa akisema kamati ni kama mbuzi, hata ukiifunga itazunguka pale pale ilipo mpaka iangushe ndoo.

Mteja akija, sisi tulikuwa tunataka kujua rangi. Yeye rangi aliiacha mwisho. Swali lake la kwanza lilikuwa moja kwa wote, awe mfanyabiashara wa mchele au binti wa mchungaji: "Mama wa bibi harusi atakaa wapi?"

Wenzangu wa mjini walidhani ni adabu tu za kizamani. Mimi nilielewa. Kwetu Usukumani, kwa waliolelewa na mila, mkwe na mama mkwe wana soni. Hawatazamani usoni, hawali mahali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima, na heshima ikizidi inafanana sana na chuki kwa mtu asiyeijua. Siku hizi mjini mambo yamelegea na utaona mama mkwe anapiga picha na mkwe wake mashavu yamegusana. Lakini huko vijijini bado wapo akina mama ambao ukiwaweka meza moja na mkwe, wataondoka. Bi. Sikudhani hakuwa Msukuma. Alijifunza siku alipomwona mama mmoja mnene akitoka ukumbini kwa dirisha la jikoni, na keki bado haijakatwa.

Tulipamba kumbi za Kahama zote, tukaenda Geita, tukaenda mpaka Rwamgasa kwa wachimbaji. Harusi za wachimbaji nilizipenda. Mtu ametoka duarani, ndani ya shimo, juzi tu, kucha bado zina udongo mwekundu, na anataka maua yafike dari. Baadaye wenye bahati zao wakaanza kutaka maji, basi tukawa tunakwenda kando ya Ziwa Victoria, upande wa Chato. Tulikuwa tukisimama Buseresere kunywa chai na chapati, Bi. Sikudhani amekaa mbele kwa dereva na mkoba wa pini mapajani kama mtoto. Ziwani tulipanga viti mpaka ukingoni mwa maji, picha zinatoka nzuri, na ziwa lilikaa mahali pake kwa adabu. Hatukuwahi kulowa hata soli.

Bi. Sikudhani alifariki akiwa bado anafanya kazi. Nilirithi wateja na mkoba wa pini. Nasema wazi kwamba mpaka leo, Jumamosi muziki ukisikika kutoka kumbi za barabarani, ninayemtamani si mama yangu wala dada zangu. Natamani kumsikia yeye akigombana na kamati. Nimewahi kuondoka hapa uani mara kadhaa nikasimama nje ya ukumbi wa watu nisiowajua, natazama mapazia yalivyofungwa, nikarudi nyumbani nimenuna.

Sasa nifike kwa Nyamizi, maana ndiye mnayeniuliza kila mara.

Nyamizi alikuwa muuguzi hapa Kahama. Alikuja ofisini na mchumba wake, Maduhu, fundi wa mitambo machimboni Rwamgasa, kijana mrefu aliyejikunja mlangoni hata pale ambapo mlango ulimtosha. Binti akaniwekea simu mbele ya macho. Picha ya hoteli ya ufukweni, pwani, mchanga mweupe, viti vyeupe, maji ya rangi ambayo sisi hatuna jina lake.

"Mama Minza, mimi nataka bahari."

"Ziwa lipo, mwanangu. Na si mbali."

"Ziwa nimelizoea. Nataka bahari."

Baba yake alikuwa ameshafariki. Aliyesimama badala yake ni baba mdogo, Mzee Shija, anayeishi kando ya ziwa huko Geita, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Mama yake alibaki kijijini, safari ya pikipiki kutoka hapa, na majaruba ya mpunga na ng'ombe wachache. Nikawauliza lile swali. Mama atakaa wapi? Nyamizi akamtazama Maduhu, Maduhu akatazama sakafu.

Nikaenda kijijini mwenyewe. Nilimkuta Mama Nyamizi anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya mwamba, mwanamke mwembamba mwenye kucheka kwa macho. Tukasalimiana kwa Kisukuma, tukaulizana hali za watu na za ng'ombe, akanipa maji. Nikamwonyesha hoteli kwenye simu. Alitazama picha moja moja bila haraka, akasimama kwenye ile ya wageni wakiwa kwenye bwawa la kuogelea.

"Na mkwe naye ataingia humu?"

"Anaweza, mama. Ni hoteli."

"Akiwa amevaa nini?"

Nikanyoosha kidole nikaipitisha ile picha.

"Na kulala tutalala nyumba hii hii moja?"

"Ina vyumba vingi."

"Paa ni ngapi?"

"Moja."

Akanirudishia simu. "Wabeja, asante mwanangu, umekuja mbali. Waambie mimi nitabaki na ng'ombe."

Akanisindikiza mpaka njiani. Tulipokuwa tunaagana, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza jambo la aibu, "Eti ni kweli yale maji yana chumvi, yote?" Nikasema ndiyo, yote. Akatikisa kichwa, akatazama upande ambao alidhani bahari ipo. Hapo nikajua huyu mama anataka kwenda.

Nilipomweleza Nyamizi, alilia pale pale ofisini mbele ya wateja wengine. "Baba hayupo," alisema. "Mama naye asipokuwepo, nani atakuwa amenitoa? Sisemi ndiyo mbele ya mchungaji kama mama hayupo. Bora tuache." Maduhu akasema harusi ihamishwe kijijini, hata kesho, yeye hana neno. Habari zikamfikia mama, akatuma jibu kali kwamba mtu asihamishe jambo lake kwa sababu ya miguu ya mwanamke mzee. Basi kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake nafasi, na harusi inakufa katikati kwa heshima.

Niliwapigia hoteli. Nje ya uzio wao alikuwa akiishi mpishi mmoja, Bi. Mwanaidi, mwenye nyumba ndogo ya bati na chumba kisicho na mtu. Paa lake mwenyewe. Hilo likaisha. Kisha nikamwomba meneja ruhusa ya kusimamisha kitambaa pembeni ya viti, mita kadhaa, juu ya nguzo.

"Ni mapambo?" akauliza.

"Ni mama."

Akasema sawa. Watu wa pwani wana adabu hata pale wasipoelewa.

Kitambaa kile nilikifikiria kuliko pambo lolote nililowahi kufunga. Nilitaka mama amwone binti yake uso, na asimwone mkwe hata kisigino. Nilichora mchangani uani kwangu, nikasimamisha ndoo mbili badala ya maharusi, nikakaa kwenye kigoda na kuchungulia mpaka nikapata upande. Pindo nikalishonea vijiwe ndani kwa ajili ya upepo, na pembeni nikapitisha uzi wa nailoni. Mama alipoelezwa akasema, "Kama ni hivyo, nitakuja." Maduhu na watu wake wakapanda basi lao, sisi letu. Ndani ya basi letu kulikuwa na michembe, sufuria ya ugali na mwiko wake, kwa sababu Mzee Shija alisikia kwamba hotelini chakula kinapambwa kwenye sahani kubwa na hakijazi tumbo. Hilo, kwa haki yake, lilikuwa kweli.

Siku ya harusi nilikuwa chumbani na bibi harusi, pini mdomoni, nafunga shela. Vijana wa hoteli walikuwa wamepanga viti juu, karibu na ukuta wa mawe, wakaenda kuswali. Mzee Shija akashuka kukagua. Akaketi, kiti kikazama kwenye mchanga laini. Akajaribu kingine, kikazama. Akateremka kuelekea majini akikanyaga kanyaga, akafika mahali pagumu, palipolowa, pamelala sawa kama sakafu ya saruji.

"Jamani, viti vinawekwaje huko juu na hapa kuna mchanga ulioshindiliwa wenyewe? Shusheni!"

Kamati ikashusha. Walishusha viti, meza ya mchungaji, maua, na wasichana wangu wakashusha kitambaa cha mama pamoja na nguzo zake, wakakifunga vizuri sana. Nilipotoka na bibi harusi nikaona kila kitu kiko ukingoni mwa maji, kama tulivyozoea Chato, na moyoni nikasema pamependeza. Sote pale tulikuwa watu wa ziwa. Hakuna aliyejiuliza nani aliulowesha ule mchanga.

Mama Nyamizi alikuwa ameshaketi nyuma ya kitambaa, amejifunika kitenge, kwa sababu juu yetu kilikuwa kinazunguka kidege cha kamera na hakukiamini. Nyamizi alipopita pale aligusa kitambaa kwa vidole. Upande wa pili nao ukaguswa. Nikasogea pembeni kupangusa macho, mchungaji akaanza.

Maji ya kwanza yalifika kwenye viatu vya mchungaji. Watu wakacheka.

"Yatarudi," Mzee Shija akasema kwa sauti ya mwenyekiti. "Maji huwa yanarudi."

Na kweli yalirudi. Kisha yakaja tena, yakapita meza, yakachukua ua moja. Watoto wakashangilia. Yalipokuja mara nyingine yalichukua kiti, na hakuna aliyecheka. Kijana wa hoteli akatokea juu ya ukuta anapunga mikono. "Maji yanajaa! Pandeni, maji yanajaa!" Njia ya kupanda ilikuwa ngazi moja ya mawe iliyochongwa ukutani. Watu wakaikimbilia na viatu mkononi. Maduhu akawahi pale chini ya ngazi, akawa anawapandisha wazee mmoja mmoja kwa kuwashika viwiko, suti imelowa mpaka magotini.

Nilipogeuka, kile kitambaa kilikuwa bado kimesimama. Nikakimbia. Mama Nyamizi alikuwa ameketi vile vile, maji yanamzunguka miguuni, ameshika kiti kwa mikono miwili.

"Mama, twende!"

"Mkwe yuko wapi?"

"Yuko kwenye ngazi."

"Aondoke kwanza."

"Anapandisha wazee."

"Basi wapande wote. Mimi nitasubiri."

"Mama, haya maji hayajui kusubiri!"

Hakusimama. Nawaambieni, haukuwa ukaidi. Aliogopa, meno yalikuwa yanagongana, lakini kupita ubavuni kwa mkwe kwenye ngazi nyembamba, nguo imemnata mwilini, kwake lilikuwa jambo kubwa kuliko bahari. Nyamizi akatuona kutoka ngazini. Akakusanya gauni, akarudi majini, shela inaelea nyuma yake. Akafika, akasimama karibu na kiti cha mama yake. "Usipopanda sipandi," akasema. Wimbi likaja likatupiga mapajani, nguzo moja ya kitambaa ikalala.

Maduhu akawa ameona yote. Alimpandisha mzee wa mwisho, na kwa kuwa sisi watatu bado tulikuwa majini hakupanda naye, akavua koti. Nilidhani anataka kuja kutubeba. Badala yake alijitupia lile koti kichwani, likamfunika mpaka kifuani, akageukia ukuta wa mawe, paji la uso likagusa jiwe.

"Mayu, mama!" akaita kutoka ndani ya koti. "Pita. Sioni."

Huko juu kijana mmoja alicheka, halafu akanyamaza mwenyewe. Nikampungia mkono mpiga picha, kile kidege kikaenda zake.

Mama Nyamizi alisimama. Alimshika binti yake mkono, mimi nikashika upande wa pili, tukaenda polepole mpaka kwenye ngazi. Pale ilibidi tupite mmoja mmoja. Nyamizi akatangulia. Mama akaweka mguu kwenye jiwe la kwanza, akafika ubavuni kwa mkwe wake aliyesimama kama gunia lililoegemezwa ukutani, akaacha kupanda. Nilikuwa nyuma yake na nikasikia kila neno.

"Baba," alimwambia lile koti. "Huyu mtoto anaogopa radi. Tangu mdogo. Hatakwambia, atajifanya anafanya kazi. Mvua ikinyesha usimwache peke yake."

Koti likatikisika. "Nimesikia, mayu."

Akapanda. Juu kabisa akalamba kidole kilicholowa maji ya bahari, akanitazama, akatikisa kichwa kwa mshangao. Ndoa ilimalizikia bustanini, mama amesimama kwenye kona ya jiko la hoteli bila kitambaa, maana kitambaa kilikuwa kimekwenda na bahari pamoja na viti ambavyo sitaki kuvizungumzia. Maduhu alifunga ndoa yake yote akiipa ile kona mgongo. Nyamizi alisema ndiyo huku akitazama jikoni. Alfajiri mama akaomba arudishwe kwa ng'ombe wake.

Niliporudi Kahama nilimsimulia mume wangu, Baba Minza. Kwetu mila ilishikwa vile vile. Siku niliyoolewa mama yangu alijifungia jikoni, na miaka yote iliyofuata, hadi tukamzika, yeye na Baba Minza hawakusemeshana. Najua alikuwa na mambo ya kumwambia. Mimi nilikuwa mtoto mgumu, naondoka nikiudhika, nalala bila kula, na mama ndiye peke yake aliyejua namna ya kunirudisha. Baba Minza ilibidi ajifunze mwenyewe, na ilimchukua nusu ya ujana wetu. Natamani sana kujua mama angesema nini kama angepata mtu aliyejifunika koti.

Baba Minza alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anakoboa karanga, akaacha.

"Sauti yake niliisikia siku moja tu," akasema. "Nilikuwa nyuma ya zizi, yeye hajui. Alikuwa anawaita kuku." Kisha akaniuliza kama mama siku zote alikuwa na sauti ya upole namna ile.

Nikamwambia ndiyo, siku zote.